Siku 7 kwenye preri ya Saskatchewan, pamoja na mama kutoka Arusha

Swali: "Tunaishi Regina, mkoa wa Saskatchewan, Kanada, huu ni mwaka wa tatu. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Arusha mwezi wa saba. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Watoto wana miaka 5, 9 na 14. Nina likizo ya siku 7 mwishoni mwa Julai, na kila ninayemuuliza ananiambia preri, yaani uwanda huu wa nyasi, haina kitu, niendeshe tu hadi Banff kwenye Milima ya Rocky. Mke wangu anataka mama awaone wale nyati wa Kizungu wa kwenye picha, na mimi ningependa watoto wajue historia ya mahali tunapoishi. Je, inafaa? Tutawaona nyati kama tunavyoona nyumbu Serengeti? Gari letu ni la kawaida la familia, si Land Cruiser. Halafu nimesikia kuna nyoka wa sumu, na nina watoto. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, hofu yako inaeleweka: umalize likizo yako yote ya mwaka na petroli juu, halafu mama arudi Arusha akasimulie kwamba Kanada aliona ngano wiki nzima. Hilo huwapata wengi, na chanzo chake ni barabara. Barabara kuu namba 1 na reli yake zilipitishwa kwenye ardhi tambarare, na ardhi hiyo ndiyo iliyolimwa. Ukikimbia kilomita 110 kwa saa, unachokiona dirishani ni shamba: ngano, kanola, dengu. Preri yenyewe, ile ambayo haijawahi kulimwa, Saskatchewan imebaki chini ya asilimia 20, na imebaki pale ambapo plau ilishindwa, kwenye mabonde, miteremko na udongo mkavu wa kusini. Kwa hiyo wanaokuambia haina kitu hawakudanganyi. Wanasimulia walichokiona toka barabarani.

Ushauri wangu, kabla sijaingia ndani: achaneni na Banff safari hii. Kutoka Regina ni karibu kilomita 900 kwenda tu, na Julai kumejaa watu. Chukueni kona ya kusini-magharibi ya Saskatchewan, mlale sehemu mbili, siyo tano. Usiku wa kwanza hadi wa tatu Val Marie, penye Hifadhi ya Taifa ya Grasslands. Usiku wa nne hadi wa sita Cypress Hills. Katikati mpite Eastend.

Sasa tuwaweke sawa hao nyati. Mnyama mnayemwona pichani ni baisani. Wageni wa Ulaya walimfananisha na nyati, jina likaganda, lakini si mbogo wa kwetu. Ni jenasi nyingine kabisa. Mwonyeshe mama ile nundu begani. Si mafuta kama ya ng'ombe wa Kimaasai. Ndani yake kuna miiba mirefu ya uti wa mgongo iliyoshikiliwa na misuli, na kazi ya misuli hiyo ni kuubeba ule mkichwa mzito. Wakati wa baridi baisani hushusha kichwa na kukizungusha kushoto na kulia akifagia theluji hadi ayafikie majani. Ukishajua hivyo, umbo lake lote linaeleweka.

Kuhusu kulinganisha na Serengeti, ni bora niwe mkweli ili mama asivunjike moyo. Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja. Hapa baisani walikuwa makumi ya mamilioni, na kufikia mwisho wa karne ya 19 walibaki chini ya elfu moja katika bara zima. Hao wa Grasslands ni uzao wa wanyama 71 walioletwa Desemba 2005 kutoka Hifadhi ya Elk Island, Alberta. Leo ni mia kadhaa tu, wakizunguka eneo la karibu kilomita za mraba 180. Kuna siku utamkuta dume mmoja kasimama katikati ya barabara na hana haraka. Kuna siku kundi zima liko nyuma ya kilima na hutaona hata kwato. Ndiyo maana nasema usiku 3: inakupa asubuhi 2 kamili na jioni 3 za kutafuta. Anayekwenda siku moja anacheza bahati nasibu. Chukueni darubini ya mkononi, hata ya bei rahisi, na kila asubuhi ulizeni ofisi ya hifadhi pale Val Marie kundi lilionekana wapi jana yake.

Umbali wa usalama na wa akili ni angalau mita 100. Namna rahisi ya kupima, ambayo hata huyo wa miaka 5 ataipenda: nyosha mkono, funga jicho moja, inua kidole gumba. Kama kidole hakimfuniki mnyama mzima, uko karibu mno. Mwisho wa Julai ni mwanzo wa msimu wao wa kupandana, madume yanakuwa na hasira. Mkia ukiinuka, au akianza kuparua ardhi, rudini garini bila kukimbia. Dume linaweza kufikia kilo 900 na bado likakimbia kilomita 50 kwa saa. Akiziba barabara, simameni, msipige honi. Ataondoka akitaka yeye.

Mnyama ambaye hatawaangusha ni yule aitwaye mbwa wa preri. Si mbwa, ni jamii ya kindi anayeishi mashimoni, na Grasslands ndiyo sehemu pekee Kanada yote ambapo anaishi porini. Makoloni yao yako kandokando ya barabara ya hifadhi, kwa hiyo mama ataketi kwenye kiti chake na kuwatazama wakisimama wima kwa miguu ya nyuma, wakipiga kelele kupashana habari. Mwenye subira huweza kumwona pia bundi mdogo anayetumia mashimo yao, anasimama mchana kweupe mlangoni. Msiwalishe, na msimguse aliyekufa: mwaka 2010 ugonjwa wa tauni uligunduliwa kwa wanyama hawa hifadhini humo, na viroboto ndio wasambazaji. Kwa anayepita barabarani hatari ni ndogo sana, ila mtoto asiingize mkono shimoni.

Kwa nini hakuna miti? Swali hili watoto watauliza, na jibu lake ndilo ufunguo wa mahali hapa. Milima ya Rocky upande wa magharibi hukamua mawingu ya Pasifiki kabla hayajafika, hivyo kona hii hupata mvua na theluji ya kama milimita 300 hadi 350 kwa mwaka mzima. Mti haupati maji ya kutosha. Nyasi zinaweza, kwa sababu sehemu kubwa ya mmea iko chini, kwenye mizizi, na jicho la kuchipua liko usawa wa ardhi au chini yake. Baisani akila, moto ukipita, baridi ikigandisha, kinachopotea ni majani tu. Mti ukuaji wake uko juu kwenye ncha, na hapo ndipo moto unapoukamata. Mwambie huyo wa miaka 14 apige magoti na apanue nyasi kwa vidole: chini atakuta tabaka la kuvu-mwani (kwa Kiingereza lichen) na vijimea vidogo kama zulia, likishikilia udongo. Viatu vingi juu ya zulia hilo huliharibu kwa miaka mingi, ndiyo maana njia za miguu zimewekwa.

Na hapa tunafika kwenye urithi. Preri haina majengo ya kale ya mawe kama Kilwa au Gede. Maandishi yake yako chini, na asiyeelekezwa hupita juu yake. Mambo matatu yatafuteni.

La kwanza ni duara za mawe. Wenyeji wa nyanda hizi, Wanakoda, Wakrii, Wablackfoot na wengine, waliishi katika mahema ya ngozi ya baisani, na pembeni waliyakandamiza kwa mawe ili upepo usiyang'oe. Walipohama, waliondoa ngozi na nguzo, mawe yakabaki. Ukipanda kilima chenye upepo na mwonekano mzuri, tazama nyasini: mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu au zaidi, nusu yamezama, yamepangwa duara ya mita 4 hadi 6. Juu yana madoa ya kuvu-mwani ya rangi ya chungwa na kijivu, na madoa hayo hukua polepole mno. Jiwe lililogeuzwa jana utalijua kwa sababu upande wake wa juu ni safi. Mara nyingi mlango ulielekea mashariki. Waambie watoto waingie duarani kwa adabu kama wanavyoingia nyumba ya watu, wasisogeze jiwe hata moja. Jiwe likisogezwa, kilichopotea ni ushahidi, na hakuna fundi wa kuurudisha.

La pili ni jiwe la kukunia. Barafu kuu ya zamani iliacha mawe makubwa ya matale yametapakaa uwandani. Baisani hawakuwa na mti wa kujikunia, wakatumia haya. Pita mkono kwenye kona zake: zimelainika kama zimepakwa mafuta, zinang'aa, na kulizunguka jiwe kuna mtaro uliochimbwa na kwato za vizazi na vizazi. Hili ndilo jambo ambalo bibi na wajukuu wanaweza kuligusa pamoja bila kuharibu kitu, na kwangu mimi linapita picha kumi za baisani wa mbali.

La tatu ni sahani za vumbi, mabonde madogo ya mita 2 au 3 ambamo baisani walijigaragaza. Yapo mengi ambayo nyasi zimeota ndani, lakini umbo limebaki.

Sasa gari. Gari lenu litafika bila shida, kwa sharti moja ambalo nitalirudia: udongo ukiwa mkavu. Kutoka Regina hadi Swift Current ni kama kilomita 245 kwa barabara kuu, halafu mnashuka kusini kwa barabara namba 4 kama kilomita 120 hadi Val Marie, lami mpaka mwisho. Jumla saa 4 na vituo vya watoto. Swift Current ndipo mjaze tangi, maji, barafu na chakula cha siku 3. Val Marie ni kijiji kidogo, msikitegemee. Ndani ya hifadhi kuna mzunguko wa magari wa kama kilomita 80 kwenda na kurudi kijijini, sehemu kubwa changarawe. Tengeni nusu siku. Kwenye changarawe msizidi kilomita 60 au 70 kwa saa, na mkipishana na gari punguzeni zaidi, maana jiwe moja la tairi linatosha kupasua kioo cha mbele. Kabla ya kuondoka Regina fungua buti uhakikishe una spea ya kweli yenye upepo, jeki na spana. Magari mengi mapya yana pampu na chupa ya gundi tu, ambayo haitibu tairi lililochanika ubavuni.

Tatizo halisi ni udongo. Sehemu nyingi za kusini zina mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano ya zamani sana. Chembe zake hunyonya maji katikati ya tabaka zake na kuvimba, na barabara iliyokuwa ngumu kama saruji saa 6 mchana inakuwa ugali mbichi saa 7. Unajaa kwenye tairi, unaziba nafasi ya magurudumu, gari linateleza hadi mtaroni, na Land Cruiser nayo inakwama vilevile. Mvua ikinyesha, msijaribu bahati. Subirini, jua na upepo wa preri mara nyingi hukausha uso kwa nusu siku. Na hapa naomba unisikilize kuhusu ramani ya simu. Cypress Hills ina vipande viwili upande wa Saskatchewan, na kati yake kuna njia ya udongo iitwayo Gap Road. Simu inaipenda kwa sababu ni fupi. Kila msimu inameza wageni. Rudini Maple Creek mzunguke kwa lami ya barabara namba 271, hata kama mnapoteza saa nzima.

Jambo jingine dogo la gari: msiegeshe juu ya nyasi ndefu kavu. Eksozi ya moto inatosha kuwasha preri.

Joto nalo si mchezo. Watu wanaijua Saskatchewan ya Januari wakasahau kwamba Julai inaweza kupita nyuzi 35, na hakuna kivuli. Ratiba ya mama iwe hivi: tokeni saa 12 asubuhi hadi saa 4, pumzikeni kambini mchana, tokeni tena saa 11 jioni. Mwisho wa Julai jua huchwea karibu saa 3 usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu kuliko mama atakavyoamini. Wanyama nao wanafuata ratiba hiyohiyo. Maji ni lita 3 hadi 4 kwa kila mtu kwa siku, na humo njiani hakuna bomba. Njia ya kupanda kilima cha 70 Mile Butte ni nzuri sana, ila kwa magoti hayo mama asipande. Baba au mama mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki na bibi na mdogo. Radi ikianza, wote garini, maana mlimani wewe ndiye mti pekee.

Nyoka wapo, sikufichi. Ni nyoka wa njuga wa preri, na hukaa karibu na mashimo ya mbwa wa preri na kwenye miteremko ya bonde. Hawafukuzi mtu. Anayeumwa kwa kawaida ni aliyemkanyaga, aliyeingiza mkono mahali asipoona, au aliyetaka kumchezea. Viatu vya kufunika vifundo, suruali ndefu, macho chini, na mkisikia mlio kama kayamba simameni kwanza mjue uko upande gani, ndipo mrudi nyuma. Akiuma mtu: mketisheni, kiungo kisitikiswe, vueni pete na saa kabla uvimbe haujaja, pigeni 911. Msikate, msinyonye, msifunge kamba. Na kama mama atabeba lile jiwe jeusi la nyoka linalouzwa nyumbani, mwambieni kwa heshima abaki nalo mkobani. Halivuti sumu. Linalofanya kazi ni dawa ya hospitali, na kila dakika ya kubandika jiwe imeibwa kwenye safari ya kwenda huko.

Kupe wanasumbua zaidi mwezi wa tano na wa sita, lakini jioni wakagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni. Shika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Nyumba za mbao za walowezi zilizoachwa tazameni kwa nje. Kinyesi cha panya humo kinaweza kubeba virusi vya hanta, na vumbi lake ndilo linaloingia mapafuni.

Siku ya nne hamieni Cypress Hills, mkipitia Eastend. Karibu na kijiji hicho, mwaka 1991, mwalimu wa huko alikuta jino na pingili ya mkia vya dinosaria aina ya T. rex, ambaye sasa anajulikana duniani kwa jina Scotty. Makadirio ya 2019 yalimpa uzito wa zaidi ya kilo 8,800. Kituo cha Eastend kina nakala ya mifupa yake, na Royal Saskatchewan Museum hapo Regina ina nyingine, ambako kuingia ni kwa mchango wa hiari. Kama watoto wamechoka, acheni ya Eastend na muione ya Regina mkirudi. Wasiokote mfupa wala kisukuku popote. Sheria ya mkoa inalinda vitu hivyo.

Cypress Hills itamfurahisha mama kwa sababu ambayo hamjaitarajia. Juu ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha mjini. Kuna miti, ubaridi wa jioni, harufu ya msonobari. Jina lenyewe ni kosa: Wafaransa na Wametisi, watu wa asili ya Wenyeji na Wazungu, waliita misonobari hiyo kwa neno lao la mvinje (kwa Kiingereza cypress), tafsiri ikabaki, na hakuna mvinje hata mmoja. Kilele cha vilima hivi kilichomoza juu ya barafu kuu wakati uwanda wote ulikuwa umefunikwa, na ndiyo maana mimea yake inafanana na ya milimani kuliko ya uwandani. Sehemu ya kati, kilomita 30 kusini mwa Maple Creek, ina ziwa, vyumba vya kulala na njia fupi za lami. Mama atapumzika hapo.

Historia uliyoitaka iko upande wa magharibi, Fort Walsh, kama kilomita 55 kutoka Maple Creek. Tarehe 1 Juni 1873 wawindaji wa mbwamwitu na wauza pombe, wengi wao kutoka Marekani, waliwashambulia Wanakoda waliopiga kambi kwenye bonde la karibu na hapo na kuwaua wengi. Tukio hilo liliharakisha kupelekwa magharibi kwa polisi wapya waliopanda farasi, na mwaka 1875 wakajenga ngome hapo. Mwaka 1877 Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, baada ya vita vya Little Bighorn dhidi ya jeshi la Marekani, alivuka mpaka na watu wake na kukaa maeneo ya Wood Mountain hadi 1881. Hakufukuzwa kwa bunduki. Baisani waliisha, serikali ya Kanada ikakataa kumpa ardhi, njaa ikamrudisha. Mgawo wa chakula ulitumika vilevile kuwasukuma Wanakoda na Wakrii waondoke Cypress Hills kwenda kwenye maeneo waliyotengewa kaskazini, na ngome ikavunjwa 1883. Mkiwa na watoto wa miaka 9 na 14, waelezeni hili hapohapo, siyo garini. Waulizeni waongozaji kuhusu Wanakoda, wasiishie kwenye sare nyekundu na mizinga.

Kuna njia nyingine mbili ambazo ningezipima kabla ya kuamua. Kama joto au magoti yanakutia wasiwasi zaidi, nendeni kaskazini badala ya kusini: Wanuskewin, pembeni ya Saskatoon, ina jengo zuri, njia laini, baisani waliorudishwa mwishoni mwa 2019, na historia ya watu ya zaidi ya miaka 6,000 bondeni. Mwaka 2020 baisani hao hao, kwa kujigaragaza, walifukua mawe yenye michoro ya kale. Kutoka hapo Batoche haiko mbali, ambako Wametisi, wakiongozwa na Louis Riel na Gabriel Dumont, walipigana na jeshi la Kanada siku nne, Mei 9 hadi 12, 1885. Mbali zaidi upande wa magharibi, kama kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Maidstone, mtakuta kanisa dogo la magogo la Shiloh na makaburi yake, lililojengwa na familia za Waamerika weusi waliokuja kutoka Oklahoma kuanzia 1910. Mwaka uliofuata, Agosti 12, 1911, serikali ilipitisha amri ya kuzuia watu weusi kuhamia Kanada kwa mwaka mmoja, kwa madai kwamba hawaiwezi hali ya hewa. Amri haikutekelezwa, lakini iliandikwa. Mtoto mweusi anayekulia Regina ana haki ya kulijua kanisa hilo.

Njia ya pili ni kuvuka hadi Alberta. Kutoka Maple Creek hadi Brooks ni kama kilomita 200, na mbele yake kuna Dinosaur Provincial Park, urithi wa dunia tangu 1979, ambamo pia kimehifadhiwa kibanda cha John Ware, mchunga ng'ombe mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani na kufika Alberta 1882. Mbali zaidi, karibu na Fort Macleod, kuna Head-Smashed-In, genge ambalo kwa karibu miaka 6,000 wawindaji waliwaongoza baisani hadi wakaanguka. Jengo lake lina lifti, mama ataweza. Ni mahali pakubwa kweli. Lakini kwa siku 7 na mtoto wa miaka 5, kuongeza Alberta kunageuza likizo kuwa kazi ya udereva. Iwekeni mwakani.

Gharama: hifadhi na maeneo ya kihistoria ya taifa hayatozi walio na miaka 17 au chini, kwa hiyo watoto wenu wote watatu ni bure Grasslands na Fort Walsh. Pasi ya mwaka ya familia inabeba hadi watu 7 katika gari moja. Pasi hiyo haifanyi kazi kwenye hifadhi ya mkoa ya Cypress Hills, huko mnalipia kibali cha gari. Kama bado ni wakaazi wa kudumu wapya, angalieni programu ya Canoo ya simu, inatoa viingilio vya bure kwa wageni waliohamia karibuni. Malazi ndiyo yanayokwisha mapema. Pale Grasslands kuna mahema makubwa yenye sakafu ya mbao na vitanda, yaitwayo oTENTik, yanayolala watu 6, yaani ninyi kamili. Huanza kuwekewa nafasi miezi ya mwanzo ya mwaka. Mkichelewa, tazameni kila asubuhi kama kuna aliyeghairi. Bebeni jiko la gesi, maana kukiwa kukavu mioto ya kuni hupigwa marufuku. Chagueni usiku usio na mbalamwezi mkiweza: giza kamili huingia karibu saa 5 na nusu, na mama ataiona Nyota ya Kaskazini, ambayo Arusha haionekani kabisa. Kilimia nacho huchomoza mashariki baada ya saa 6 usiku.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mama aonane na daktari kabla ya safari kama ana presha au sukari, aulize hasa kuhusu dawa zake na joto kali, na abebe za siku 10 kwenye kibaridi kama zinahitaji. Kama kadi ya afya ya mkoa haimhusu, akiwa mgeni, lazima awe na bima ya wageni iliyolipwa tayari; nakala ikae garini. Mtu akichanganyikiwa, akiacha kutoka jasho au akizimia kwa joto, huko si kupumzika kivulini, ni 911 huku mkimmwagia maji na kumpepea. Mtandao ni hafifu, na karibu na mpaka simu inaweza kudaka mnara wa Marekani ikakutoza, kwa hiyo pakueni ramani nje ya mtandao na mzime data ya ugenini.

Na asubuhi ya kwanza Val Marie, kabla hujawasha gari, ingia ofisi ya hifadhi uulize mambo matatu: mvua ya mwisho ilinyesha lini na njia ipi bado imelowa, baisani wameonekana upande gani, na mtu mwenye magoti mabovu aanzie wapi kutazama mawe ya kukunia.